Kebo Iliyokaza Upande Mmoja

6 Septemba
Mvua ya vuli imeanza leo mchana. Farida, dada yangu, amenipa daftari hili. Anasema amechoka kubeba hasira zangu kila nikitoka kazini, yeye ana mume na watoto wa kusikiliza. Sawa, nitaandika.

Mwaka wa kumi na mbili huu mimi ni fundi wa kebo wa Bwana Faruku hapa Bukoba mjini, na tangu Juni tumehamia dijitali. Zamani mvua ikinyesha mteja alipata chenga kwenye kioo, akaendelea kutazama mpira wake huku ananung'unika. Sasa chenga hakuna. Picha inakuwa safi kabisa, au inaganda vipande vipande, mtangazaji anabaki mdomo wazi, halafu kioo cheusi. Mteja anachukua simu, na hampigii Faruku. Ananipigia mimi.

9 Septemba
Simu kumi na tisa. Kumi na nane hawakuwa wamechomeka king'amuzi vizuri.

14 Septemba
Nimegombana na Faruku kuhusu saruji. Nguzo zetu zote za kata ya Nyanga zimesimama kwenye udongo mtupu, na udongo wa Nyanga ukishaloa unaweza kuuchota kwa kijiko. Akaniuliza kuna nguzo gani imeanguka. Nikasema bado. Akasema basi ikianguka nimwambie. Huyu mtu akinunua mtambo wa mtumba kutoka nje anauita uwekezaji, akiombwa mifuko mitatu ya saruji anashika kichwa.

23 Septemba
Nyanga nzima imeganda. Nyumba mia na sitini.

24 Septemba
Nimekwenda na Dastan, fundi mwenzangu, mtu wa Nshamba, anayepanda nguzo kuliko mtu yeyote ninayemjua na kuongea kidogo kuliko wote. Amplifaya ya Nyanga, yaani kile kisanduku kinachoisukuma picha iende mbele, imefungwa kwenye ukuta wa Mzee Rugaibula, na inakula umeme wake. Mzee ni mstaafu, mtu wa heshima sana. Hajawahi kutudai chochote zaidi ya chaneli zake za bure. Tukifika hutuwekea viti, anatupa kahawa za kutafuna kwenye kijikapu, ananiita mwanangu. Wateja wote wangekuwa kama yeye ningenenepa.

Tatizo lilikuwa kebo inayotoka kwake kwenda kwenye nguzo ya kwanza, ile ya mpakani na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, cha marehemu Karugendo. Ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, mpaka waya wa katikati umechomoka kwenye konekta. Picha za analojia zingevumilia, dijitali haivumilii. Nikaunga kipande cha mita tatu, nikajaza fomu ya kazi: "Nyanga nguzo ya 1, kipande mita 3." Upande wa pili wa nguzo kebo ilikuwa imelegea inaning'inia juu ya migomba, nikamwambia Dastan aikunje na kuifunga. Mita ya kupimia ikasoma vizuri, simu zikanyamaza. Nimefurahi, niseme kweli.

27 Septemba
Ma Annastella, mjane wa Karugendo, amekuja ofisini kwa miguu akiwa ameloa mpaka kwenye magoti. Akasimama mbele ya meza yangu, akaniita msichana kwa Kihaya.

"Iwe mwisiki, nguzo yenu imehama."

Nikamwuliza namba ya king'amuzi. Akasema hana king'amuzi, hana televisheni, ana kibanja. Nikamweleza kwamba daftari la malalamiko lina safu ya namba ya king'amuzi, bila namba siwezi kumwandika.

"Kwa hiyo asiye na televisheni haibiwi?"

Nikamwambia nguzo hazina miguu, mama. Salma wa mapokezi akacheka. Ma Annastella alimtazama Salma, akanitazama mimi, akatoka bila kuaga. Wazee wengine wanatafuta mtu wa kugombana naye tu, siku iishe.

2 Oktoba
Mvua.

5 Oktoba
Ma Annastella tena, maneno yaleyale. Sikuinuka kwenye kiti.

Niandike vizuri habari ya hiyo nguzo, ili Farida akilisoma daftari hili kwa siri, kama ninavyojua atalisoma, asinione nina roho mbaya. Kwa miaka mingi kebo yetu ilipita hapo ikiwa imefungwa kwenye mulamula. Kila mtu wa kebo Kagera hii anafanya hivyo. Mulamula ni mti mnyoofu wenye mizizi ya rangi ya chungwa, haufi hovyo, na hakuna mwenye akili timamu anayeukata kwa sababu ndio mpaka wa kibanja. Watu wanapandiwa mulamula na babu zao, na ugomvi ukitokea ndio shahidi. Lakini waya wetu uliukaba ule mti mpaka ukaoza. Juni, tulipokuwa tunabadili mitambo, tuliwaita Mzee Rugaibula na Ma Annastella, tukaukata mbele yao, tukasimika nguzo kwenye shimo lilelile. Mzee Rugaibula akasema mbele ya watu, "Basi nguzo hii sasa ndiyo mulamula wetu." Watu wakacheka, tukatafuna kahawa. Hakuna aliyeandika kitu.

13 Oktoba
Simu saba tu. Nimelala mchana.

19 Oktoba
Ma Annastella mara ya tatu. Safari hii hakuniita mwisiki. Akasema kwa Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto: "Nguzo ilikuwa mbele ya mbuni wangu wa tatu wa kahawa. Sasa iko nyuma ya mbuni wa nne. Njoo uone kwa macho yako." Nikamwahidi nitapita. Sikupita. Nilikuwa na nyumba arobaini Hamugembe hazina picha, na niseme ukweli, nilikuwa nimemchoka.

30 Oktoba
Faruku amenifokea mbele ya Salma kwa sababu mteja mmoja mkubwa alikosa kipindi cha pili cha mpira. Kipindi cha pili! Mimi nilikosa mazishi ya shangazi kwa ajili ya kebo yake, na sikumsikia akifoka.

7 Novemba
Senene wameanza kuanguka. Mji mzima uko nje unawakamata, hauna habari na televisheni. Siku nzuri kuliko zote tangu Septemba.

8 Novemba
Nilifurahi mapema. Nyanga imeganda tena, konekta ileile, kebo ileile imekaza tena. Nililaumu mvua, nikaulaumu upepo wa ziwani, nikamlaumu aliyetengeneza kebo. Nikaunga kipande cha pili, mita nne. Upande wa pili imelegea zaidi, nikaikunja mwenyewe, Dastan akinishikia ngazi. Mvua ilikuwa inapiga usoni, nilitaka kumaliza tu niondoke. Mzee Rugaibula alinitumia mwavuli. Nikajaza fomu: "Nyanga nguzo ya 1, kipande mita 4."

Nilipokuwa nateremka ngazi Ma Annastella alikuwa amesimama kwenye migomba yake, hajajifunika kitu, ananitazama. Nikamwamkia, hakuitikia, nikachukia.

11 Novemba
Faruku ameniletea barua nisaini. Ilikuwa saa nne, nipo juu ya paa nageuza dishi, akanirushia kalamu. Barua inasema kwamba nguzo namba moja ya Nyanga ipo pale ilipowekwa na ofisi mwezi Juni na haijawahi kuhamishwa. Nikamwuliza ya nini. Akasema Mzee Rugaibula ameiomba, kuna maneno ya bibi mmoja, na wewe ndiye fundi, sahihi yako ina uzito. Nikasaini juu ya goti. Kesho naenda Muleba na Dastan wiki tatu kufunga mitambo mipya, nilikuwa na haraka.

13 Novemba, Muleba
Chumba cha mitambo cha Muleba kina popo. Nimeandika hivyo kwenye ripoti: popo.

17 Novemba, Muleba
Mabasi ya Biharamulo yanapita dirishani kwangu yakipiga honi tangu alfajiri. Mtambo unaopakia chaneli kumi kwenye njia moja umewaka tulipoujaribu mara ya nne tu. Dastan ameuliza kama safari hiyo niliusomea dua. Sikucheka.

22 Novemba, Muleba
Leo naandika kabla ya kula.

Jana lori lilirudi nyuma karibu na sokoni likaisukuma nguzo yetu. Haikuanguka, ilihama tu na udongo wake, hatua moja na nusu, imesimama wima kama haijaguswa. Leo asubuhi mtaa wote wa nyuma haukuwa na picha. Tukapanda. Kebo upande wa barabarani ilikuwa imekaza, waya wa katikati umechomoka. Upande wa pili ilikuwa imelegea inagusa mabati. Nikachukua kisu, nikaanza kukata kipande cha kuunga.

Dastan akaushika mkono wangu.

"Fundi Mwajuma, unafanya nini?"

"Naongeza kebo."

"Kebo haijapungua. Ikikaza huku na kulegea huku, nguzo imehama. Irudishe nguzo."

Halafu akaongeza, anaangalia pembeni, "Hata ya Nyanga ilikuwa hivihivi."

Nikamwuliza kama alijua tangu Septemba. Akasema alijua mara ya pili, alipoona mikunjo miwili upande wa Ma Annastella. Na kwa nini hakusema? "Ulikuwa umeshasaini fomu," akasema. "Mkubwa akishasaini mimi nasemaje?"

Nilimtukana Dastan mbele ya watu wa soko la Muleba, matusi ambayo sijui niliyajifunzia wapi. Yeye akarudisha nguzo ya Muleba mahali pake na vibarua wanne, akafunga kebo ileile bila kuongeza hata sentimita moja, na picha ikarudi.

Sasa ni jioni, nimekaa na hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya. Mita tatu, mita nne. Nguzo imetembea mita saba kuingia kwa Ma Annastella, na kila ilipotembea mimi nilikwenda na ngazi yangu nikaiongezea kebo ili iweze kufika. Rugaibula alihitaji vibarua wawili, udongo ulioloa na mimi. Alinitumia mwavuli. Nilikula kahawa zake.

23 Novemba, Muleba
Nimempigia Faruku, nikamwambia narudi Bukoba leo. Akauliza kwa nini, nikamweleza.

"Mwajuma, mita saba za migomba. Mzee anataka njia ya gari ya mwanawe anayejenga nyumba ya wageni nyuma. Akikasirika anazima swichi, nyumba mia na sitini hazina picha. Wewe utawapa picha?"

Nikamwuliza alijua tangu lini. Akasema sisi ni watu wa televisheni, si watu wa ardhi. Na nikiacha kazi ya Muleba kabla haijaisha, nisirudi.

Na mimi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na saba ninayejisifu kwamba simwogopi mtu, nilibaki Muleba. Naliandika hili hapa ili nisije kulisahau.

24 hadi 30 Novemba, Muleba
Kazi. Mvua. Silali vizuri. Dastan ananiletea chai kila asubuhi, na mimi naipokea.

2 Desemba
Nimerudi jana. Leo asubuhi sikwenda ofisini, nilikwenda Nyanga moja kwa moja.

Sikupitia kwa Rugaibula. Nilipitia kwa Ma Annastella, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Nikapiga magoti nikamwamkia kama wanavyoamkiana wao. Akaendelea kumenya.

"Umekuja kuona," akasema.

"Ego, waitu. Nimekuja kuona."

"Umechelewa, lakini twende."

Migomba inafanana, ndiyo maana mtu wa mjini hawezi kuona kitu. Yeye alinionyesha mibuni, mmoja mmoja. Mbuni wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, yote sasa ipo upande wa pili wa nguzo. Halafu tukafika mahali ambapo hapakuwa na migomba kabisa. Palikuwa na ardhi nyekundu iliyosawazishwa kwa majembe, upana wa gari, kutoka barabarani hadi nyuma kwa Rugaibula. Kokoto zilikuwa zimeshamwagwa kwenye mdomo wa njia.

"Karugendo yuko hapa," akasema.

Sikuelewa. Akarudia. Mumewe alizikwa kibanjani kama watu wote, karibu na mpaka, miaka miwili iliyopita. Kaburi lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe, na mgomba upande wa kichwani. Watoto wake walikuwa waje Krismasi hii kulijengea. Nilipokuwa Muleba vibarua wa Rugaibula waling'oa migomba, wakazoa mawe, wakasawazisha. Ma Annastella alikuwa kanisani. Aliporudi alikuta pameshakuwa hivi.

Alitembea juu ya ile ardhi nyekundu, akasimama, akasogea hatua mbili, akarudi moja. "Hapa," akasema. Halafu akasema, "Au hapa." Mgomba aliokuwa anautumia kujua haupo, mawe hayapo. Aliwafuata vibarua akawauliza, mmoja akaelekeza huku, mwingine kule.

Sijawahi kuona uso wa namna ile. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya hesabu, na haikubali.

"Ungekuja tarehe niliyokuita ungeliona," akaniambia, bila ukali wowote. Ningependa angenipiga.

3 Desemba
Nimeingia ofisini kwa Faruku bila kubisha hodi. Nilimwambia kila kitu, na cha kaburi. Alikunja uso, nadhani cha kaburi hakukijua. Kisha akasema yaliyopita yamepita, kesi ya yule bibi ipo baraza la kata tarehe kumi na moja, mimi nikae kimya, barua ipo. Nikamwambia nitakwenda. Akasema nikienda, nikabidhi ngazi na mita ya kupimia kabla sijaenda.

Nimekabidhi mita. Ngazi ni yangu, nilinunua kwa hela yangu mwaka ule alipokataa kununua. Nimeibeba kichwani mpaka nyumbani, na Salma alinifungulia mlango wa ofisi bila kucheka.

Kabla ya kutoka nilichukua fomu mbili za kazi. Naita nilichukua. Faruku anaweza kuita atakavyo.

6 Desemba
Farida anasema nimekonda. Mumewe anasema nimepoteza kazi kwa ajili ya kaburi la mtu mwingine. Nilimjibu vibaya. Farida hakumtetea.

8 Desemba
Mzee Rugaibula amenipigia simu. Sauti ileile ya upole. Mwanangu, nasikia unapata shida, njoo tuongee, mimi ni kama baba yako. Nikamwambia baba yangu alizikwa pale makaburini mjini na hakuna aliyepitisha gari juu yake. Akakata simu. Nilizunguka chumba mara ishirini hivi kabla sijaweza kukaa.

11 Desemba
Nimechoka lakini nitaandika yote.

Baraza lilihamia kibanjani baada ya saa sita, mvua ilikuwa imekatika. Walikuwepo wajumbe wanne, mwenyekiti wao Bwana Wilbert, majirani kama sitini, na Rugaibula amevaa koti. Wilbert naye ni mteja wetu, aliniomba kwanza nimwambie kwa nini chaneli ya michezo inakwama. Watu wakacheka.

Rugaibula alitoa barua ikasomwa kwa sauti, na jina langu mwishoni. Wilbert akauliza kama sahihi ni yangu.

"Ni yangu," nikasema. "Nilisaini nikiwa juu ya paa, bila kuja hapa. Nilisaini uongo."

Kukawa na minong'ono. Rugaibula akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu mwanangu amefukuzwa kazi juzi," akaliambia baraza. "Ana uchungu. Tumsamehe."

Pale ndipo hasira yangu ikatulia, ikawa kitu cha kufanyia kazi. Nikasoma fomu mbili. Nikaomba ruhusa nioneshe. Dastan alitokea nyuma ya watu. Alikuwa kwenye zamu, ameiacha. Akanishikia ngazi.

Kwanza nilipanda kwenye nguzo, nikafungua kebo upande wa Ma Annastella, nikakata ile mikunjo miwili, nikawatupia chini. "Hii ni kebo iliyobaki upande huu nguzo iliposogea huku," nikasema. "Dastan, pima." Akapima mbele ya Wilbert. Mita saba kasoro kidogo.

Halafu nikahamia upande wa Rugaibula. Nikawaonyesha viungo vyangu, kila kimoja na utepe mweusi niliouzungusha mwenyewe, nikavikata vyote. Nyanga yote ilikuwa imezima tangu mkato wa kwanza. Tulisikia kelele kutoka barabarani, kulikuwa na mpira, na vijana watatu wakaja mbio kuuliza nani amekata. Ma Annastella aliwaambia wakae chini, na walikaa.

Nikaunganisha kebo ya zamani peke yake, ile ya Juni, bila vipande vyangu. Nikampa Dastan mwisho wake, mwanzo wake ukiwa bado ukutani kwa Rugaibula. "Nenda mpaka itakapokaza," nikamwambia, "usivute." Kebo haijui undugu wala haijui nani ametoa umeme. Alitembea kati ya migomba, watu wakimfuata, na kabla hajafika njia ya gari kebo ikanyooka, akasimama. Mbele yake nguzo ilikuwa mbali, mtu mrefu angehitaji kulala mara nne kuifikia.

"Chimbeni hapo alipo," Wilbert akasema.

Alichimba mjumbe mmoja. Jembe lilizama kama kwenye ugali. Alitoa magogo ya migomba yaliyooza, yaliyojaziwa kwenye shimo la zamani, na chini yake, pembeni, akatoa mzizi. Akaupangusa kwa kidole. Rangi ya chungwa. Hakuna mtu wa Kagera anayehitaji kuambiwa ule ni mzizi wa mti gani.

Rugaibula alisema mvua ndiyo iliyohamisha nguzo. Wilbert aliandika muda mrefu, akasoma: mpaka ni pale palipotoka mzizi, nguzo irudi, njia ya gari isimame. Rugaibula akasaini, kwa kuwa majirani sitini walikuwa wanamtazama, na tangu pale hakuniita mwanangu.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Nilimtafuta Ma Annastella. Alikuwa ameshatoka kwenye kundi, amesimama kwenye ile ardhi nyekundu, ambayo sasa ni yake tena. Alisogea hatua mbili, akarudi moja.

12 Desemba
Jana jioni tulirudisha nguzo na kuunga kebo, picha ikarudi. Leo Rugaibula amezima swichi. Nyanga haina picha. Faruku amewapa wateja namba yangu ya simu.

15 Desemba
Simu mia na zaidi kwa siku tatu. Mmoja aliniita mchawi. Mwingine, mama mmoja, alipiga akasema yeye hana shida na televisheni, anataka kujua kama kweli kaburi limepotea. Nikamwambia kweli. Akasema pole, akakata.

20 Desemba
Faruku amehamishia amplifaya kwa Wilbert. Kumbe ilikuwa kazi ya siku moja na nusu. Siku moja na nusu, na umeme wa mtu mwingine. Hilo angelifanya Novemba. Nimesoma nilichoandika hapa kuanzia Septemba, na hasira niliyokuwa nayo kwa Faruku imemzidi mtu mmoja. Nyingine ni yangu. "Nguzo hazina miguu, mama." Nimeliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

28 Desemba
Watoto wa Ma Annastella wamefika, Kokuberwa kutoka Mwanza na kaka yake Datius. Kokuberwa hakutaka nishike kitu. Mama yake akamwambia aniache, nibebe mchanga. Nimebeba mchanga tangu asubuhi. Dastan amebeba maji.

Fundi ujenzi alikuja na kamba na vigingi, akauliza kaburi liko wapi. Ma Annastella alitembea juu ya ile ardhi polepole akiburuza fimbo, akachora. Alianzia karibu na njia, akazunguka mpaka penye mibuni, akarudi. Alipomaliza, mstari ulikuwa umezunguka sehemu yote ambayo hana uhakika nayo. Hatua tisa kwa sita. Datius akasema mama, tuchague tu mahali pamoja, mzee hatachukia. Akasema hatajengea saruji juu ya udongo mtupu, na kumwacha mumewe nje.

Fundi alipiga hesabu ya matofali, akapiga tena. Alikuwa mgeni, hakujua habari. Akamwuliza kwa adabu, "Mama, humu wamelala wangapi?"

"Mmoja," Ma Annastella akasema.

Fundi akanitazama mimi, kama anayeomba msaada. Nikamwambia achimbe msingi.